Nisome MBA au nisisome? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa kazi: mhasibu wa halmashauri, mhandisi wa kiwandani, muuguzi aliyekabidhiwa wodi aisimamie, mwenye duka Kariakoo. Majibu yanaanzia Tanzania, kisha yanagusa majirani na wanaotaka kwenda mbali zaidi. Msimamo wangu ni huu: MBA inamfaa sana mtu anayejua anatoka wapi na anakwenda wapi. Anayeichukua kwa sababu wenzake wa ofisini wanaichukua atalipa pesa nyingi na kupoteza jioni zake kwa faida ndogo.

MBA inafundisha nini, na inatofautianaje na shahada nyingine za uzamili?

Ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Ilianzia Marekani, na Harvard ndiyo ilikuwa ya kwanza kuitoa chini ya jina hilo, mwaka 1908. Utasoma uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, takwimu, uchumi na mkakati. Kila kimoja utakigusa, hakuna utakachobobea. Hapo ndipo wengi wanapopotea. MBA iliundwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana fani yake, sasa anatakiwa kusimamia watu wa fani nyingine. Mhandisi anayepewa bajeti, au daktari anayepewa hospitali nzima aiendeshe, huyo inamhusu.

Ukitaka kubobea, zipo shahada nyingine: uzamili wa fedha, wa uhasibu, wa masoko. Aliye serikalini na anayetaka kubaki huko aangalie uzamili wa utawala wa umma. Mzumbe, ambayo ilianza mwaka 1953 kama shule ya mafunzo ya serikali za mitaa, ina mizizi mirefu katika eneo hilo.

Nimemaliza shahada ya kwanza mwaka huu. Niunganishe?

Usiunganishe, hata kama mzazi yuko tayari kulipa.

Darasa la MBA linaendeshwa kwa mijadala. Mwalimu anatoa kisa cha kampuni ambayo mauzo yake yanapanda huku wafanyakazi wazuri wanaondoka, kisha anauliza mngefanyaje. Aliyewahi kugombana na bosi, kufukuza mteja mkorofi au kuchelewesha mishahara ya watu ana cha kusema. Aliyetoka chuo juzi ataandika maelezo ya mwalimu na kuyarudisha kwenye mtihani. Atafaulu, ila kazini atakuwa mtu mwenye vyeti viwili na uzoefu sifuri, na waajiri wengi wanamwogopa mtu wa namna hiyo kwa sababu atadai mshahara wa uzamili kwa kazi ya kujifunza. AMBA, shirika la kimataifa linaloidhinisha programu za MBA, linataka wanafunzi wawe na angalau miaka 3 ya kazi. Kigezo hicho ni cha busara hata kwa chuo ambacho hakina ithibati yao.

Namwondoa mtu mmoja kwenye jibu hili: anayetaka kufundisha chuo kikuu. Huko ngazi zinapandwa kwa shahada, kwa hiyo aendelee.

Nitajuaje kama MBA ndiyo ninayoihitaji?

Tafuta matangazo ya kazi unayoitamani kuifanya miaka 5 ijayo, kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na kwenye tovuti za benki, mashirika na makampuni. Yasome kama kumi hivi, uone sifa zinazojirudia. Mara nyingi utakuta kinachodaiwa ni kitu kingine kabisa. Kwenye uhasibu ni CPA, cheti cha taaluma kinachotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na kwa kusaini ripoti za ukaguzi wa hesabu hakuna njia ya mkato, lazima usajiliwe na bodi. Kwenye ununuzi na ugavi ni usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo. Kenya nako, sheria ya mwaka 2012 iliifanya rasilimali watu kuwa taaluma yenye mitihani na usajili wake.

Mhasibu asiye na CPA anayekuja kuniuliza kuhusu MBA, jibu langu halibadiliki: maliza CPA kwanza. Mitihani ipo Mei na Novemba, unaweza kuisoma ukiwa kazini, na gharama yake haiukaribii mzigo wa ada ya uzamili.

Mtumishi wa umma asome muundo wa utumishi wa kada yake kabla ya kununua fomu. Waraka huo unasema wazi kila daraja linataka sifa gani. Zipo kada ambazo uzamili unafungua mlango wa ngazi za juu, na zipo ambazo utarudi na shahada yako ukute daraja ni lilelile na mshahara ni uleule. Muulize afisa utumishi wako, naye akuoneshe kwenye maandishi.

Nina biashara yangu na inaenda vizuri. Kuna haja gani ya darasa?

Hapa watu hunitajia Bakhresa, aliyeacha shule mapema na kujenga viwanda. Ni kweli. Lakini Reginald Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza na kufanya kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand kabla ya kuanza kuunganisha kalamu, na Mohammed Dewji alihitimu Georgetown mwaka 1998 kabla ya kuikuza kampuni ya familia. Majina makubwa hayatoi jibu moja, kwa hiyo tuangalie biashara yenyewe.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mzigo unakaa dukani siku 30 kabla ya kuuzwa. Mkandarasi anachukua kwa mkopo na kulipa baada ya siku 45. Msambazaji anakupa siku 14 tu za kumlipa. Jumlisha 30 na 45, toa 14: pesa yako iko nje kwa siku 61. Kama kila siku unauza mali iliyokugharimu shilingi milioni 1, una milioni 61 zimelala kwenye rafu na kwenye madaftari ya wakandarasi. Biashara ikikua ukafika milioni 1 na nusu kwa siku, utahitaji milioni 91 na nusu. Hizo milioni 30 na nusu za ziada zitatoka wapi? Faida ipo kwenye vitabu, lakini mfukoni hamna hela, na mwenye duka anaanza kumshuku keshia. Wengi hukimbilia mkopo wa haraka wenye riba ya kuua, wakati dawa ilikuwa kumshawishi msambazaji aongeze siku 16 au kumbana mkandarasi alipe ndani ya siku 30.

Hesabu hiyo inafundishwa kwenye MBA, na nimeona inavyombadilisha mtu. Lakini inafundishwa pia kwenye kozi fupi za usimamizi wa fedha, kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na mhasibu mzuri anaweza kukaa nawe Jumamosi mbili akakuonesha kwa takwimu za duka lako mwenyewe. Anza na hayo. Mfanyabiashara anayepata faida kubwa kwenye MBA ni yule ambaye biashara imemzidi: ana matawi, ana mameneja, benki inamtaka mpango wa miaka 5, na watoto wanaanza kuingia kwenye uongozi. Kwa mwenye duka moja na vijana wawili, hizo ada ni mtaji.

Inalipa?

Piga hesabu kwa namba zako. Nitaweka za mfano ili uone njia.

Tuseme ada, vitabu, nauli na gharama za utafiti vinafika shilingi milioni 10, na unasoma jioni huku mshahara unaingia. Ukipandishwa cheo na kuongezewa 300,000 kwa mwezi baada ya makato, milioni 10 zitarudi baada ya miezi 33 hivi. Si mbaya.

Sasa tuseme unaacha kazi inayokulipa 1,200,000 mkononi ili usome muda wote kwa miezi 18. Mshahara uliouacha ni milioni 21 na laki 6. Ongeza zile 10, gharama halisi ni milioni 31 na laki 6. Kwa nyongeza ileile ya 300,000, utahitaji miezi 105, karibu miaka 9. Na hapo tumechukulia kwamba kazi utaipata siku ya kwanza baada ya kuhitimu. Kwa sababu hiyo siwashauri watu waache kazi nzuri kwa ajili ya MBA ya hapa nyumbani.

Kama pesa ni ya mkopo wa benki, ongeza riba. Uliza kama riba inakokotolewa kwenye deni linalobaki au kwenye deni lote la mwanzo, maana tofauti yake ni kubwa mno. Bodi ya Mikopo usiitegemee sana, sehemu kubwa ya fedha zake ni ya shahada ya kwanza.

Chuo gani?

Dar es Salaam, wengi huanza kuangalia Mlimani, kwenye Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mzumbe kupitia kampasi yake ya jijini. IFM, yaani Chuo cha Usimamizi wa Fedha, iliyoanzishwa mwaka 1972, jina lake liko kwenye fedha, kodi na bima. Aliye Songea au Bukoba na hawezi kuhama ana Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye. Arusha kuna ESAMI, taasisi ya serikali za mashariki na kusini mwa Afrika, ambako utakaa darasani na maofisa kutoka Zambia, Malawi na kwingineko. Nairobi kuna Strathmore na Chuo Kikuu cha Nairobi, na Kampala kuna MUBS, shule ya biashara ya Makerere. Afrika Kusini, shule za biashara za Stellenbosch na Cape Town zimepata ithibati zote tatu kubwa za kimataifa, yaani AACSB, EQUIS na AMBA.

Kabla ya kuchagua, usisome vipeperushi pekee. Nenda ukae kwenye kipindi kimoja jioni, vyuo vingi hukubali ukiomba kwa adabu. Angalia kama mwalimu amefika kwa wakati, kama watu wanabishana au wanasinzia. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: kati ya walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wameshahitimu? Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, umepata jibu.

Masomo ya jioni yanawezekana kwa mtu mwenye familia?

Yanawezekana, kwa gharama. Vipindi huanza baada ya saa za kazi na kwenda hadi usiku. Ukitoka Mlimani saa 2 na nusu na nyumbani ni Mbagala, foleni itakufikisha watoto wameshalala. Jumamosi ni ya kazi za vikundi. Michango ya harusi na vikao vya ukoo havitasimama kwa sababu wewe unasoma.

Kaa na mwenza wako kabla ya kujaza fomu, mgawane kazi za nyumbani kwa majina: nani anampeleka mtoto kliniki, nani anakagua daftari za shule. Nawaambia hivi hasa akina baba, kwa sababu mwanamke anayesoma jioni mara nyingi hurudi nyumbani akakuta sufuria zinamngoja, na hilo linaangusha wanafunzi wazuri kuliko mtihani wowote. Kama mtoto mchanga yuko njiani, subiri mwaka. Chuo hakihami.

Kwa nini watu wengi wanakwama kwenye tasnifu?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya lile la ada. Programu nyingi za hapa zina sehemu mbili: masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Darasani kuna ratiba, kuna wenzako, kuna mtihani unaokusukuma. Ukiingia kwenye tasnifu umebaki wewe na msimamizi wako. Msimamizi ana wanafunzi wengine, ana safari, ana vipindi vya shahada ya kwanza. Unampelekea sura ya kwanza Machi, inarudi Mei imejaa wino mwekundu. Kazini nako bajeti imeanza. Unasema utaishika mwezi ujao. Mwaka unapita, halafu chuo kinakudai ada ya kuongeza muda.

Mwanzo wa tatizo mara nyingi ni mada. Mtu anachagua kitu kipana, tuseme mchango wa huduma za fedha kwa simu kwenye maendeleo ya biashara ndogo Tanzania, bila kujua takwimu atazitoa wapi. Chagua mada ambayo data yake unaweza kuishika: kumbukumbu za marejesho ya SACCOS ambayo viongozi wake wamekupa kibali cha maandishi, au wateja wa tawi moja la kampuni yako. Anza kuitafuta ukiwa muhula wa kwanza. Kila kazi ya darasani inayokuruhusu kuchagua mada, ielekeze huko huko, ili ukifika kwenye tasnifu uwe tayari na nusu ya mapitio ya maandiko.

Msimamizi mpelekee kurasa chache mara kwa mara kuliko kumrundikia sura tatu kwa mkupuo, na kila mkikutana mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Kama chuo kinatoa njia ya mradi mfupi au ya masomo ya ziada badala ya tasnifu kamili, na huna mpango wa shahada ya uzamivu, ichukue bila aibu.

Kumlipa mtu akuandikie ni kosa linaloweza kukufutia shahada hata miaka mingi baadaye. Kwenye utetezi wa tasnifu utakaa mbele ya watu wanaojua kuuliza.

MBA za mtandaoni zinatambulika?

Baadhi ndiyo, baadhi hapana. Kwa Tanzania mwenye neno la mwisho ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inayotathmini na kutambua shahada za nje. Waandikie kabla ya kulipa hata shilingi, ukitaja jina kamili la chuo, nchi na namna programu inavyofundishwa, na utunze majibu yao. Chuo kinachokupa MBA kwa wiki chache, au kinachokupa shahada kwa uzoefu wa maisha pekee, kimbia.

Nataka kwenda Ulaya au Marekani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye pesa, kwa sababu ndiko ndoto nyingi zinakofia. Ada peke yake ya Harvard imepita dola 75,000 kwa mwaka, na ni miaka 2, bado kodi ya nyumba, bima na chakula. Shule nyingi za Ulaya zina programu za mwaka mmoja. Ya INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau na Singapore, inachukua miezi 10, na hiyo inapunguza muda wa kukaa bila mshahara.

Shule kubwa nyingi zinataka GMAT au GRE, mitihani ya kimataifa ya kuombea nafasi. GMAT ya sasa, iliyoanza mwishoni mwa 2023, ina sehemu 3 za dakika 45 kila moja, alama ni kati ya 205 na 805, na matokeo hudumu miaka 5. Jiandae kwa miezi mitatu au minne ya kila siku, hasa kama hesabu uliziacha kidato cha nne.

Kwa ufadhili, Chevening ya serikali ya Uingereza inalipia uzamili wa mwaka mmoja, MBA ikiwemo, ingawa ada ya MBA wameiwekea kikomo na kinachozidi ni chako. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ukubali kurudi nyumbani kwa angalau miaka 2. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Stanford wana ufadhili maalumu wa MBA kwa Waafrika wanaojifunga kufanya kazi barani kwa angalau miaka 2 baada ya kuhitimu. Ushindani ni mkali, lakini Watanzania na Wakenya wanakatiwa tamaa na marafiki kabla hawajaomba. Omba.

Ukikopa kwa dola huku ukipanga kurudi kulipwa kwa shilingi, tafakari mara mbili. Deni hilo linakufunga ubaki ughaibuni hata kama moyo wako uko nyumbani.

GPA yangu ni ndogo.

Vyuo vingi vya hapa huanzia GPA ya 2.7. Ukiwa chini ya hapo, uliza kuhusu stashahada ya uzamili kama daraja la kuvukia, au cheti cha taaluma kinachokubalika.

Umri umeenda, na hesabu zinanitisha.

Umri hauna shida. Aliyefika miaka 45 akiwa na visa vya kazini ndiye anayechangamsha darasa. Kuhusu hesabu, zinazotumika ni asilimia, grafu, takwimu za kawaida na kusoma mizania. Jifunze Excel vizuri mwezi mmoja kabla ya kuanza, hofu itapungua kwa kiasi kikubwa.

Ni kweli watu wanaenda kwa ajili ya kujuana?

Wengi, na siwalaumu. Kikundi cha WhatsApp cha darasa chenye mtu wa benki, mtu wa TRA, mtu wa bandari na mwenye kiwanda ni hazina. Lakini watu wanakukumbuka kwa kazi uliyoifanya kwenye kikundi. Aliyekuwa akiweka jina tu kwenye kazi za wenzake, siku akiomba apendekezwe mahali, simu hazipokelewi.

Mwajiri amekubali kunilipia. Nichukue?

Chukua, baada ya kusoma mkataba. Kwa kawaida utafungwa kubaki kazini miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unarudisha fedha. Uliza mambo matatu yaandikwe: deni linapungua kadiri unavyotumikia au linabaki zima hadi siku ya mwisho, nini kinatokea ukipunguzwa kazi, na cheo gani kinafikirika ukihitimu. Mtumishi wa umma asianze bila ruhusa ya masomo kwa barua. Kuanza kimyakimya kunaleta matatizo ya nidhamu, na shahada inaweza isiingizwe kwenye kumbukumbu zako.

Nimeshaanza, na naona haikuwa ya kwangu. Niendelee au niache?

Pesa uliyokwisha kulipa hairudi ukiendelea wala ukiacha, kwa hiyo iweke pembeni. Angalia iliyobaki: ada kiasi gani, miezi mingapi, na ukimaliza unapata nini. Kama umebakiza tasnifu tu, ningekusihi uimalize, hata kwa mada ndogo kabisa. Kama uko muhula wa kwanza na umegundua unachohitaji ni CPA au mtaji, nenda ofisi ya uzamili kabla ya ada ya muhula wa pili, uulize kuhusu kuahirisha masomo na kama masomo uliyofaulu yanaweza kukupa stashahada ya uzamili. Omba majibu kwa maandishi, na usipotee tu bila taarifa, kwa sababu jina lako litaendelea kuhesabiwa na deni litaendelea kukua.